Ibane breki kabla hujalipa: Bibi wa Baiskeli anajibu maswali ya likizo Unguja

Wasomaji wapenzi, likizo za Juni zinakaribia, na barua nyingi mlizoleta mwezi huu zinauliza jambo moja: mtu akija Unguja kupumzika, atembee vipi kwa baiskeli na arudi nyumbani mzima? Nimefurahi kuulizwa. Kwa miaka 28 nilikuwa muuguzi katika vijiji vya pwani ya mashariki, nikizunguka kwa baiskeli kwenye nyumba za wazazi waliojifungua, na tangu nistaafu mimi na mwanangu tunakodisha baiskeli sita hapa Bwejuu. Nimewaona wageni wakiondoka asubuhi wakicheka, na nimewaosha vidonda wale waliorudi jioni wakichechemea. Karibu wote walioanguka waliangushwa na kitu ambacho kingeonekana kabla hawajapanda. Ndiyo maana leo najibu kwa urefu.

Shikamoo Bibi. Mimi na mke wangu tumefunga ndoa mwezi wa nne na tunakuja Jambiani kwa siku tano. Tumeambiwa baiskeli zinakodishwa kila mahali. Tuangalie nini kabla ya kulipa? Sisi si mafundi. – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa ndoa. Ufundi hauhitajiki, zinahitajika dakika tano na mikono yako miwili.

Anza na breki. Shika usukani, bana breki ya mbele peke yake, kisha isukume baiskeli mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele likae kimya, na la nyuma litake kunyanyuka. Halafu achia, bana ya nyuma peke yake, sukuma tena. Gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Ukibana mpaka mkono wa breki ukagusa usukani na baiskeli bado inakwenda, irudishe hiyo, hata kama ina rangi nzuri na kikapu cha mbele kilichopambwa.

Sasa inama utazame pale waya wa breki unapoingia kwenye mkono wa breki. Hapo ndipo waya huanza kukatika. Waya wa breki ni nyuzi nyembamba nyingi zilizosokotwa pamoja. Ukiona nyuzi mbili tatu zimechomoza, za rangi ya kahawia, zimesimama kama nywele zilizokatika, jua kwamba zilizobaki zinabeba kazi ya zote, na siku ya kukatika itakuwa siku umebana kwa nguvu zako zote kwa sababu mbuzi amekukatiza. Hapa kwetu waya hauzeeki kwa kutumika tu, unaliwa na chumvi. Baiskeli haina haja ya kuingia baharini. Upepo unaileta chumvi mpaka uani, inakaa juu ya chuma usiku, asubuhi umande unaiyeyusha, na kutu inaanza ndani ya kile kipira kinachofunika waya ambako jicho halifiki. Kwa hiyo bana na uachie mara kadhaa. Breki ikibana vizuri lakini ikikawia kurudi, kutu imeshaingia ndani.

Uliza pia ni breki ya aina gani. Mtakutana na Phoenix za zamani zenye breki za vyuma, ambazo ni imara lakini zinataka mkono wenye nguvu, na mvua ikinyesha hushika kwa kuchelewa. Mtakutana na za mtumba kutoka Ulaya ambazo hazina mkono wa breki ya nyuma kabisa: unasimama kwa kurudisha pedeli nyuma. Mtu asiyezizoea akitaka kupumzisha miguu kwa kuzungusha pedeli kinyumenyume, kama wengi tunavyofanya, atajikuta amesimama ghafla katikati ya barabara. Ukipewa ya namna hiyo, izungushe kwanza uwanjani mpaka mguu wako uizoee.

Mengine ni mepesi. Bonyeza tairi kwa dole gumba, liwe gumu, na ubavu wake usiwe umepasukapasuka kwa jua. Kiti kiwe chini kiasi cha miguu yenu kufika ardhini mkiwa mmekaa. Kengele ilie. Ukimwambia mwenye baiskeli, "Naomba niijaribu kwanza," hujamvunjia heshima. Mimi mgeni akiniambia hivyo nafurahi, najua atarudi. Na akikukatalia, mshukuru uende kwa jirani.

Asalaam alaykum Bibi. Tunaishi Muscat, na mwaka huu tunakuja kwa mama mzaa chema huko Makunduchi. Wanangu wana miaka 11 na 13, wanapenda sana baiskeli. Nina hofu ya barabara. Je, niwaruhusu? – Mama wa watoto wawili, Muscat

Waalaykum salaam mama, karibuni nyumbani. Waruhusu, lakini kuna jambo moja uanze kulifanyia kazi mkiwa bado huko. Oman mnaendesha kulia, huku kwetu ni kushoto. Mtoto aliyekulia Muscat macho yake yanakwenda kushoto kwanza anapotaka kuvuka. Huku gari la kwanza kumfikia linatoka kuliani kwake. (Hili liwafae pia wasomaji wetu wa Kongo, Burundi na Rwanda, maana nanyi mnaendesha kulia.)

Kwa nilivyoona, mtoto hakosei akiwa anakwenda moja kwa moja, kwa sababu magari mengine yanamkumbusha. Anakosea mara tatu: asubuhi anapotoka uani barabara ikiwa tupu, anapokata kona kwenye njia panda, na anapopanda tena baada ya kusimama dukani upande wa pili. Kijana mmoja wa Kiomani nilimfunga mkono kwa kosa hilo la tatu. Alikuwa amenunua barafu ya ukwaju, akapanda akiwa bado anainyonya, akashika upande aliouzoea tangu utotoni, na vespa ikamjia uso kwa uso. Mwenye vespa alijitupa vichakani kumuepuka. Mungu aliwahifadhi wote.

Wafundishe kwa mkono, wasihesabu akilini. Mfunge kila mtoto uzi mwekundu au bangili mkono wa kulia, na umwambie: mkono wenye uzi ndio unaoelekea katikati ya barabara, siku zote. Mkiwa njiani watoto watangulie na mtu mzima awe nyuma yao, amejitokeza kidogo zaidi kuelekea katikati, ili dereva anayekuja nyuma amuone mkubwa kwanza na ajipange kupita mbali.

Helmeti waletee kutoka huko. Wakodishaji wengi hawana za watoto, na helmeti kubwa inayoteleza mpaka kisogoni hailindi paji la uso. Ikae juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili, na mkanda ubane kidevuni. Mtoto akianguka na kujigonga kichwa, hata kama ameinuka anacheka, mtazame siku nzima na usiku. Akitapika, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akiwa na usingizi usio wa kawaida au akianza kuzungumza maneno yasiyopangika, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.

Bibi habari. Mimi ni mpenzi wa baiskeli kutoka Nairobi, nakuja na yangu mwenyewe mwezi wa Julai. Nataka kutoka mjini hadi Paje kwa siku moja. Barabara iko vipi, na magari ya abiria yana adabu? – Mwendesha baiskeli, Nairobi

Njema kabisa. Ni kama kilomita 50, lami mwanzo mpaka mwisho, na milima hakuna. Kwa miguu iliyozoea vilima vya Ngong utaona ni tambarare. Kinachosumbua Julai ni kusi. Wewe unaelekea mashariki na kusini, na upepo wa kusi unatoka hukohuko, kwa hiyo utakuja usoni kwako kutwa nzima, na baada ya adhuhuri unazidi. Kama mnaye anayetaka kustarehe, baiskeli ipandishwe juu ya daladala 309 ya Jambiani wakati wa kuja, halafu mrudi mjini kwa kuendesha, upepo ukiwasukuma mgongoni. Wewe ukitaka kuja kwa miguu yako, toka mjini mara tu kukipambazuka, saa kumi na mbili na nusu uwe umeshapanda.

Sababu ya pili ya kutoka mapema ni Mwanakwerekwe. Soko lile likishaamka, barabara inajaa mikokoteni, magari ya mizigo na watu wanaovuka na vikapu vichwani. Ukipita kabla halijachangamka unapita kama mwenye barabara yako.

Kuhusu daladala, madereva wetu wanaijua baiskeli, wengi wao wamekulia juu yake. Lakini gari la abiria lina desturi zake na lazima uzijue. Sikiliza mkono wa utingo. Akigonga bodi, gari litasimama hapohapo, mara nyingi bila taa, na litavuta kushoto, yaani upande wako. Abiria wanashukia nyuma, na mama mwenye mtoto mgongoni na kapu mkononi hatazami kama kuna baiskeli inakuja. Usijipenyeze kamwe kati ya daladala na ukingo wa lami. Simama nyuma yake, subiri, litaondoka. Kulipita kwa kulia nako ni hatari, kwa sababu nyuma yako kuna basi la watalii linalowahi ndege. Kusubiri hapo ni nusu dakika.

Ukifika msitu wa Jozani punguza mwendo, na hili nalisema kwa mkazo. Kuna matuta pale yaliyowekwa kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na magari, na bado wanavuka, mara nyingi mmoja akitangulia na wengine wakimfuata. Lakini hatari kwa mwendesha baiskeli ni kivuli. Barabara inatoka kwenye jua kali na kuingia ghafla chini ya miti mikubwa. Macho ya dereva yanachukua muda kuzoea, na katika muda huo, wewe uliyevaa fulana nyeusi umepotea kabisa machoni pake. Nimeishuhudia nikiwa ndani ya gari, mbele kwa dereva: mzee wa kijiji cha Pete na baiskeli yake hatukumuona mpaka tulipokuwa karibu yake kiasi cha kusikia kengele. Vaa nyeupe, au njano inayopiga kelele. Mimi kanzu yangu ya kazi ilikuwa nyeupe, na naamini iliniokoa zaidi ya mara moja.

Saa sita hadi saa saba mchana skuli nyingi hubadilisha zamu, watoto wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia. Utakuta kijiji kizima cha watoto wakitembea ukingoni mwa lami, wakisukumana kwa mchezo. Piga kengele ukiwa bado mbali, na uende polepole kama mtu anayesukuma. Watakusalimu wote, na wewe waitikie, lakini mikono yote ibaki kwenye usukani.

Kunywa maji kabla ya kiu. Upepo wa bahari unakausha jasho, mtu anadhani hatoki jasho kumbe anakauka. Madafu yanauzwa njiani. Ukianza kuhisi kizunguzungu na kichwa kugonga, shuka, kaa kivulini, na unywe lita moja ya maji safi iliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta, kidogo kidogo.

Bibi, nimeona picha za watu wakiendesha baiskeli juu ya mchanga ufukweni, bahari pembeni, hakuna magari. Hiyo si ndiyo salama kuliko barabara? – Msomaji wa Arusha

Ni salama kwa saa kadhaa za siku. Baada ya hapo bahari inaidai njia yake.

Wewe ni mtu wa bara, ngoja nikueleze taratibu. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni zaidi kidogo ya saa sita. Kila siku inachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa aliyokuambia mtu wa wiki iliyopita haikufai tena. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanatoka mbali kabisa, wanawake wanakwenda kwenye mwani, na mchanga uliobaki ni mgumu kama sakafu. Siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na yanakuwa yamejaa tele saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali na njia ya mchanga mgumu inakuwa nyembamba.

Basi tumia saa moja au mbili kabla maji hayajamaliza kutoka, na moja au mbili baada ya kuanza kurudi. Usidanganyike na mwanzo wake. Saa ya kwanza maji yanarudi kwa upole, utasema yamelala. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia.

Nitakusimulia jambo nililoliona mwenyewe. Mke na mume walichukua baiskeli kwangu mwezi wa nane, saa nne asubuhi, maji yako nje. Wakaelekea kaskazini, upande wa Michamvi. Kusi ilikuwa inawasukuma mgongoni, nao wakadhani ni nguvu zao, wakaenda mbali, wakala, wakaoga, wakalala kivulini. Walipogeuka saa nane, upepo ule ule ukawa usoni, na bahari imeshakula mchanga mgumu wote. Ulibaki ule wa juu, mlaini, ambao gurudumu linazama mpaka rimu. Wakaanza kusukuma. Wakavua viatu kwa sababu vilijaa mchanga, na sehemu za mawe wakapita pekupeku. Walinifikia karibu na magharibi, nyayo za mama yule zimechanika kwa mawe ya matumbawe. Vidonda vya matumbawe si vya kudharau hata vikiwa vidogo. Nilimwosha kwa maji safi na sabuni, nikatoa chembe moja moja kwa kibano kwenye mwanga wa tochi, maana chembe ikibaki ndani kidonda hutunga usaha, kisha nikamwambia aende akachome sindano ya pepopunda kwa kuwa hakukumbuka lini alichomwa mara ya mwisho. Na barabara ya lami ilikuwa mita mia chache tu nyuma ya nyumba zile. Hawakujua. Tangu siku hiyo hakuna anayeondoka kwangu bila kuonyeshwa vijia vya kutokea ufukweni kwenda barabarani, na bila kuandikiwa saa ya maji kwenye karatasi.

Wakati wa kusi anza safari yako kwa kuelekea kusini, upepo ukupige usoni wakati wewe bado una nguvu. Kaskazi ikivuma, Desemba mpaka Machi, fanya kinyume chake.

Angalia kamba. Madau na ngalawa zinafungwa kwa kamba ndefu kutoka majini hadi kwenye mnazi, na maji yakitoka kamba inaweza kubaki imening'inia, usawa wa kifua cha mtu aliye kwenye baiskeli. Kamba kuukuu yenye rangi ya mchanga huioni mpaka imekufikia. Pia usipite juu ya mashamba ya mwani. Vile vijiti vilivyochomekwa mchangani ni vigingi vya mama zetu, kila kimoja kimepigwa kwa mkono, na kitakutoboa tairi na kumharibia mtu riziki yake.

Ukirudi, ikiwezekana mwagia baiskeli maji ya mfereji, ifute, na mnyororo utie tone la mafuta ya cherehani. Kama ni ya kukodi, mwambie mwenyewe kwamba umepita nayo mchangani.

Bibi, mimi huvaa buibui na sitaki kulivua kwa ajili ya likizo. Mume wangu anasema nikae nyuma kwenye keria na mtoto wetu wa miaka minne akae mbele yangu. Unasemaje? – Msomaji, Tanga

Wala usilivue. Nimeendesha na buibui tangu usichana wangu, na wanawake wa vijiji vyetu wanakwenda hivyo kila siku. Mnyororo uko upande wa kulia. Vaa suruali ndani, kusanya pindo lote ulilete kushoto, lifunge fundo juu kidogo ya goti, halafu jifunge kanga kiunoni ili fundo lisishuke. Ushungi uuchomekee pini, ncha zake ziingie ndani ya nguo, zisipeperuke nyuma. Chagua baiskeli yenye bati la kufunika mnyororo na isiyo na bomba la juu. Kitu cha mwisho, kabla hujaondoka, geuza pedeli mara mbili kwa mkono huku nguo ikiwa mwilini, mtu mwingine aishike baiskeli, uone kama kitambaa kinafika kwenye meno ya mnyororo.

Lakini mtoto kwenye keria, mama, hapo naomba unisikilize. Katika miaka yangu yote ya kazi, jeraha la baiskeli nililolifunga mara nyingi kuliko mengine yote ni mguu wa mtoto ulioingia kwenye spoki. Mtoto anasinzia, mguu unalegea, kisigino kinaingia, na gurudumu halisimami palepale. Ngozi ya kisigino inatoka kama ganda, na inachukua wiki nyingi kupona kwa sababu pale hakuna nyama. Nimewasikia akina baba wakilia kuliko watoto wenyewe. Mtoto wa miaka minne akae kwenye kiti chake chenye mkanda na bati la kuzuia miguu, avae viatu vilivyofunika kisigino. Kiti kikikosekana, nendeni na daladala siku hiyo, na baiskeli ziwe za nyinyi wakubwa.

Na kwa dada zetu wageni wasiovaa buibui: nguo ya kuogelea ni ya majini. Mkipita vijijini funikeni mabega na magoti, kanga moja inatosha. Hapo ni nyumbani kwa watu, na mkihitaji msaada njiani ni watu hao hao watakaokuja.

Bibi, sisi vijana wanne kutoka Dar tutafikia Jambiani, lakini muziki uko Paje. Tunaweza kurudi usiku kwa baiskeli? Ni kilomita saba tu. – Msomaji, Dar es Salaam

Wanangu, jibu langu ni hapana. Kodini gari wanne mchange.

Nitawaambia sababu, kwa kuwa mimi sipendi kukataza bila kueleza. Jua letu linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro robo mwaka mzima, na giza halikawii. Ukimaliza kumuaga mtu, limeshaingia. Sehemu kubwa ya barabara hiyo haina taa. Gari la ng'ombe linarudi bila mwanga wowote, mtu anatembea na ndoo, mbwa wamelala kwenye lami kwa sababu ina joto. Gari likija mbele na taa kali mtakuwa vipofu kwa sekunde kadhaa, na hizo ndizo sekunde anazohitaji aliyekunywa kuwagonga. Nanyi wenyewe mkiwa mmekunywa, msiguse baiskeli kabisa.

Ikitokea giza limewakuta njiani bila kukusudia, muwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tochi ya simu mkononi haihesabiki, inakunyang'anya mkono wa breki. Nendeni mmoja nyuma ya mwingine, na taa za gari zikiwapiga machoni tazameni ukingo wa kushoto wa lami mpaka lipite. Namba ya dharura ni 112. Mimi baiskeli zangu zinarudi kabla ya adhana ya magharibi, na mgeni anayetaka ya usiku namrudishia pesa yake. Natamani kila mkodishaji wa pwani hii afanye hivyo.

Na Pemba je, Bibi? Ni hayo hayo? – Msomaji, Mombasa

Magari ni machache, na watu watakupokea vizuri mno. Ila Pemba ina vilima vifupi vingi, panda shuka kutwa, kwa hiyo chukua baiskeli yenye gia na raba mpya za breki. Ukiwa unateremka, bana zote mbili kwa kuachia na kubana, na anza kubana juu kabla mwendo haujakushinda, kwa sababu kona nyingi ziko chini ya mteremko. Ukienda msimu wa karafuu utakuta majamvi yametandazwa ukingoni mwa lami, karafuu zinakauka juani. Hapo shuka, sukuma kwa miguu ukiangalia nyuma, na umsalimu mzee anayezigeuza. Usikanyage hata moja.